Isale Lenye Manundu

Isale nililibeba mimi. Naanza na hapo ili asije mtu akadhani nasimulia ya kuambiwa. Nililibeba kwa mikono hii kutoka Soweto, Moshi mjini, nikapanda nalo mpaka Kibosho kwa mdogo wangu Leodegar, na alichonifanyia siku ile mpaka leo hakijashuka kooni.

Kwetu, ukimkosea mtu mpaka maneno yakakuishia, unakata isale. Ni mmea tu wa majani marefu, tunaupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na pale walipolala wazee wetu. Unamtuma mtu mzima akupelekee. Anayeletewa hana la kusema. Hata kama ulimchomea nyumba, ananyoosha mkono, anapokea, na ugomvi umekwisha. Nimeona wanaume waliotoleana mapanga wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja kwa sababu ya hilo jani. Mtu wa kulikataa nilikuwa sijamwona. Nilikuja kumwona, na tumenyonya ziwa moja.

Aliyenituma ni Priska, binti yake Leodegar wa mwisho. Mama yake alifariki Priska akiwa mdogo, na Leodegar alimlea mwenyewe. Alikuwa anamsuka nywele, mwanamume mzima, amekaa mlangoni na kitana, sisi tunamcheka na yeye hajali. Basi Priska akakua, akaenda kuolewa na Gurmit, fundi wa Kikalasinga aliyepanda huku kutengeneza mashine ya kumenya kahawa ya chama cha ushirika. Alikuja na spana, akashuka na mtoto wa watu. Leodegar akasimama nje ya kanisa Jumapili, watu wametoka misa, akasema yule binti amekufa na asiulizwe habari zake. Neno kama hilo halisemwi. Lakini Leodegar akishapanda juu ya neno, hata ngazi umletee hashuki.

Huo mwaka ndio ule wa njaa, wa unga wa njano. Priska aliniita Soweto. Nilimkuta barazani, tumbo limemfika puani, miguu imevimba. Ndugu zake Gurmit walishahamia Uingereza baada ya serikali kuchukua majumba. Gurmit alibaki peke yake na karakana yake, kwa ajili ya huyu mke.

"Shangazi, siwezi kuzaa hivi," Priska aliniambia. "Nataka Baba anibariki, anipulizie mbege tumboni, kama alivyowapulizia dada zangu. Simwombi kingine. Asimpende Gurmit, asile kwangu. Anipulizie tu, arudi kwake."

Isale alilikata mwenyewe kwenye ua wa jirani, kichwa kizima chenye kipande cha shina. Nilipolishika nikaona lina manundu. Madogo, ya kijani, yamejipanga pembeni mwa majani na kujazana pale yanaposhikana na shina. Ukiyabinya ni magumu.

"Hili linaumwa," nikasema. "Tafuta jingine."

"Yote ya huku yako hivyo, Shangazi."

Tukazunguka ua mzima na kweli, yote yalikuwa hivyo. Nikamwambia basi, huku mjini kila kitu kina manundu, hata barabara zenu. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilimwacha anacheka, na hilo namshukuru Mungu.

Nilimkuta Leodegar shambani anapogoa mibuni. "Shikamoo, Dada," akasema, kisu mkononi. Nikamjibu marahaba, nikafungua khanga, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili bila kusema kitu. Hakuna haja ya kusema kitu. Alijua limetoka kwa nani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu hawaniamini. Uso wake ulilegea. Alitupa kisu chini, akajifuta kiganja kwenye suruali, na mkono wake wa kulia ukaanza kuja. Nilimwona kabisa. Ulikuja mpaka nusu ya njia, kisha macho yake yakafika kwenye yale manundu, na mkono ukasimama.

"Haya ni nini?"

"Manundu. Masale ya mjini yako hivyo. Pokea."

Aliinama akayatazama kwa karibu. "Yana mimba," akasema. "Jani zima lina mimba. Ananionyesha tumbo la Kalasinga wake."

"Leodegar, acha utoto."

"Isale linakuja safi. Baba alikuwa anapitia jani kwa jani, likiwa na doa analiacha. Hii ni dhihaka, Dada. Na kama si dhihaka ni uchawi. Liweke chini."

Nikamwambia isale haliwekwi chini, na yeye anajua. Akaokota kisu, akanipa mgongo, akaendelea kukata matawi. Mimi nimesimama na mikono hewani, mwanamke mzima, dada yake mkubwa. Kuna watu huzaliwa na moyo, wengine huzaliwa na kiburi kimekaa mahali pa moyo, na nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, majirani wasikie.

Isale halitupwi. Kulirudisha kwa Priska sikuweza; ningemwambia nini? Nikaenda ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wa maji, pale yanapoingilia kihamba chake, nikalisokomeza kwenye udongo. "Litakungoja hapa," nikamwambia. Hakugeuka.

Priska alijifungua mvua za vuli zilipoanza. Alitoka damu, wakashindwa kuizuia. Mtoto alipona, wa kike. Gurmit aliniletea habari mwenyewe, alipanda kwa miguu na kilemba kimelowa, akasimama uani kwangu akasema, "Mama, Priska ameniacha," kisha akakaa kwenye matope. Tulimzika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Hakulala chini ya migomba ya kwao kama Mchagga. Nilimfuata Leodegar nikamwambia ashuke azike. Akasema anapalilia. Mvua inanyesha, yeye anapalilia.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza.

Lile isale la ukingoni lilishika mizizi. Halikunyauka hata siku moja, na sikushangaa, masale yana roho ngumu. Lakini manundu yake yalikuwa yamebadilika, kila moja lina tundu dogo kana kwamba limechomwa sindano. Na masale ya mpakani yaliyokuwa karibu nalo yakaanza kuota manundu. Yalianzia pale mfongoni, yakafuata mstari wa mpaka kuelekea nyumbani, isale moja baada ya jingine, kama mtu anayesogea taratibu bila haraka. Yakafika kwenye yale yaliyopandwa alipolala mama yetu. Mwishowe yakafika mlangoni pa Leodegar, kwenye isale moja alilopanda baba yetu, na majani yake yote yakavimba.

Mimi si mwoga, na vihamba vya watu nimevipita tangu nazaliwa. Lakini asubuhi moja nilipita pale, hakuna upepo, mgomba hautikisiki, nikaona jani moja la isale linageuka. Moja tu. Linageuka hivi, linarudi, kama mtu anayetazama njia. Tangu siku hiyo nikawa nazunguka kwa njia ya juu, na miguu yangu hii inauma.

Majirani waliacha kukata masale kwake. Zamani walikuwa wanakuja, maana mpaka wake ni wa kale na masale yake yana heshima. Sasa wakawa wanapita wamenyamaza. Mzee mmoja alinena kilabuni kwamba isale lililokataliwa halirudi bure. Likimkosa aliyelituma, linamfuata aliyebaki nyuma yake. Kila mtu alijua aliyebaki nyuma ya Priska ni nani.

Nami nilikuwa nashuka Soweto kumwona yule mtoto. Alikuwa na homa. Inaondoka, inarudi. Hospitali wanampa dawa, anapata nafuu, nikishuka tena namkuta amelegea begani kwa baba yake. Nilimwambia Leodegar. Sikumficha, kwa nini nimfiche? Nikamwambia mjukuu wako anachemka, na wewe una shamba la manundu.

Alikuwa amekonda, shati limemvaa. Alikuwa ananisubiri niondoke, nikaona, lakini sikuondoka, nikakaa. Mwisho akasema, "Dada, yananiuliza."

"Nini?"

"Kila asubuhi nikienda kukamua ng'ombe. Sauti yake kabisa, ile ya utotoni. Baba, umepokea? Naendelea kukamua. Inauliza tena. Baba, umepokea?"

Huyu ndiye aliyenipa mgongo. Nilitaka kumwambia umeyataka mwenyewe. Neno lilifika kwenye ulimi, nikalimeza, maana nilimwogopea.

Wakati wa masika alikuja bwana shamba, kijana anaitwa Ildefonce, kukagua ugonjwa wa kahawa. Alikuwa mtu mpole, msomi, anaamkia vizuri. Leodegar akamshika mkono kabla hajafika kwenye mibuni, akamvuta mpaka kwenye isale la mlangoni. "Niambie hili," akasema.

Ildefonce alikata nundu kwa wembe, akalifungua juu ya kiganja. Ndani kulikuwa na kijifunza, kidogo kuliko punje ya ulezi, cha rangi ya chungwa bivu. Kinajikunja. Tuliinama wote watatu tukakitazama.

"Ni nzi, Mzee," akasema. "Nzi mdogo sana, mdogo hata kuliko mbu. Anataga yai kwenye jani changa. Funza akitoka anaanza kula, na jani linavimba kumzunguka, linamjengea nyumba. Akikomaa anatoboa anatoka. Hakuna uchawi hapa. Kata yote uchome moto."

Nilipumua. Nikasema moyoni, asante, sasa mdogo wangu atalala. Lakini Leodegar alikuwa bado anatazama kiganja cha yule kijana.

"Wametoka wapi?" akauliza. "Nimezaliwa hapa. Sijawahi kuwaona."

"Hawa wanapenda joto, Mzee. Wako huko chini, Moshi, hata Holili nimewaona. Huku juu kuna baridi, hawawezi kupanda wenyewe. Lazima kuna mtu aliwaleta ndani ya jani."

Mimi nikatazama chini. Leodegar hakunitazama. Alisema kwa utulivu, "Basi waliletwa," akamshukuru kijana, akampeleka kwenye kahawa. Na jioni ile hakula. Maana kabla ya hapo angeweza kusema ni ndoto, ni uzee, ni maneno ya kilabuni. Sasa msomi wa serikali alikuwa amemthibitishia. Lile jani alilokataa kulishika lilikuwa limeingia kwake hata hivyo. Mkononi hakulipokea, likapita mfongoni, likafuata mpaka, likapita kwa mama, likafika mlangoni.

Kuchoma hakuchoma. Nani anachoma masale ya baba yake?

Siku chache baadaye alikuja kwangu amevaa koti la kanisani. "Dada, tushuke kwa mtoto," akasema. "Nataka kupeleka isale. Lakini nataka lililo safi. Sitaki anione nami naleta manundu."

Akaenda kwa jirani yetu Esther, mjane mwenzangu, anayepakana naye, masale yake yalikuwa bado mazima. Akavua kofia akamwomba kichwa kimoja. Esther alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. "Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," akamwambia. "Lakini ulikuwa na mkono ulipoletewa. Nikikupa langu nitakuwa nimeyafungulia manundu yako mlango." Akaenda nyumba nyingine, na nyingine. Wengine walijificha. Mwanamume aliyekuwa anaogopwa na kijiji kizima anazunguka na kofia mkononi kuomba jani, na watoto wanaambiwa waseme baba hayupo. Nilimwonea huruma mpaka nikachukia kuona huruma.

Akarudi. Akasimama kwenye mfongo, mbele ya lile nililolisokomeza mimi. Lilikuwa limempita magoti, manundu matupu. Akapiga magoti akakata kichwa chake, akakifunga kwenye khanga yangu ile ile.

Tulishuka kwa miguu. Njia nzima alilibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua, nami nyuma yake.

Gurmit alikuwa karakanani pembeni ya nyumba, mafuta mpaka viwikoni. Alipotuona alizima mashine. Hawakuwa wamewahi kutazamana, hawa wawili, tangu siku ya ile mashine ya kahawa. Leodegar akafungua khanga, akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, mzee mwenye mvi mbele ya kijana aliyemwita mwizi, akamnyooshea isale.

Gurmit aliangalia yale manundu. Aliyajua. Alinyanyua mikono yake michafu, hakushika.

"Baba, inuka," akasema. "Mimi silikatai. Priska alinifundisha kwamba halikataliwi. Lakini si langu. Alikusubiri wewe mwenyewe. Siku zile za mwisho geti likilia ananiambia, nenda kamfungulie Baba. Naenda, ni upepo. Nikirudi ananiuliza, amelipokea?"

Leodegar alitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Alijua swali hilo. Sikuwa nimemwambia Gurmit, wala Leodegar hakuwa amemwambia mtu mwingine ila mimi.

Gurmit akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na mtoto. Akamkalisha kwenye mkeka mbele ya babu yake. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, nywele nyingi za baba yake. "Anaitwa Aikande," Gurmit akasema. "Mama yake alimpa jina kabla hajafa. Alisema ni la bibi yake."

Ni jina la mama yetu. Yule aliyelala chini ya masale yenye manundu. Priska, aliyetangaziwa kifo nje ya kanisa, aliita mtoto wake jina la nyumba ile ile.

Leodegar, bado kwenye magoti, akamnyooshea mtoto isale. Mtoto akalitazama. Akaweka kidole kwenye nundu moja, akalibonyeza, akacheka kama wanavyocheka wakiona kitu kinachobonyezeka. Kisha akalishika kwa ngumi mbili akavuta. Mdogo wangu hakuachia. Nadhani alikuwa amesahau namna ya kuachia kitu. Mtoto akavuta tena, akanung'unika.

"Mwachie," nikamwambia.

Akaachia. Mtoto akalikumbatia lile isale lenye magonjwa yake yote, akaanza kutafuna ncha ya jani.

"Amepokea," nikasema.

"Hajui alichopokea, Dada."

"Ndiyo. Wewe ulijua."

Sikusema ili kumwumiza. Au labda nilisema ili kumwumiza. Nilikuwa nimelibeba kwa muda mrefu. Gurmit akaleta maziwa kwa kukosa mbege. Leodegar akachukua funda, akampulizia mtoto tumboni, akamtaja kwa jina, na mtoto akashtuka akaangua kilio. Ilikuwa hiyo tu. Homa iliendelea wiki mbili tatu, kisha ikaondoka. Hospitali walikuwa wamembadilishia dawa, nasema ili nisije nikaambiwa nimewapokonya sifa yao.

Baridi ya Juni ilikuja kali mwaka ule, ukungu mpaka saa sita mchana. Ildefonce alikuwa ameshasema, wakipata baridi watakufa wenyewe. Mvua za vuli ziliporudi masale yalichipua upya, na majani yalikuwa safi. Watu wakaanza kupita tena. Esther alikata mawili kwa ajili ya kesi ya mwanawe. Nami nikarudia njia ya chini, miguu ikashukuru.

Asubuhi moja Leodegar alinijia na jani mkononi, jani jipya, refu, linang'aa.

"Dada, wewe bado una macho," akasema. "Litazame. Hakuna hata nundu moja?"

Nikadhani anataka nifurahi naye. Nikalipitisha kwenye vidole, mbele na nyuma, pole pole, kama baba yetu alivyokuwa akifanya. "Hakuna," nikamwambia. "Ni safi kabisa."

"Hata kidogo? Pale chini?"

"Leodegar, hakuna kitu. Wamekwisha."

Akalichukua jani akalitazama mwenyewe.

"Tangu tutoke Soweto Priska haniulizi tena," akasema. "Nakamua kimya. Nasubiri, nasubiri, maziwa yanakwisha, naondoka. Sikujua kwamba nikilipeleka lile isale nitamnyamazisha, Dada. Ilikuwa ni sauti yake."

Akakaa kwenye kizingiti changu na jani lake, akalia, kilio kile ambacho hakukilia siku ya mazishi. Nikamwacha kwanza. Halafu nikaenda kukaa karibu naye.